Vitu vya Kutoa Garini

Mzee Kufuli alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, tochi mdomoni, aking'oa sanduku la zana alilokuwa amelikaza mwenyewe kwa skrubu.

"Hata hilo?" mkewe aliuliza, amesimama mlangoni na katoni.

Mzee alitoa tochi mdomoni. "Hasa hili. Mafundi wa gereji hawaibi gari, mama. Wanaiba kilichomo."

Jina la Kufuli alipewa na majirani, na hawakumwonea. Mtu anayetia kufuli kwenye banda la kuku wasiokuwepo aitwe nani tena? Lakini hakuna kilichomnyima usingizi kama gari hili. Lilikuwa nyumba yenye magurudumu: kitanda, jiko, meza ya kukunja, mapazia. Kiwanja alichorithi mkewe kiliuzwa, gari likanunuliwa ili wakistaafu wazunguke nchi, na tangu siku hiyo likaitwa gari la mzee. Wakastaafu, na gari halijalala hata usiku mmoja nje ya ua. Kila mara mama alipotaja safari, mzee alitaja wezi. Leseni ya udereva ya mama ilizidi kuzeeka mkobani.

Sasa sevisi haikuepukika. Gari lingebaki siku kadhaa kwenye gereji ya wale waliowauzia, mikononi mwa watu baki.

"Darubini yako?"

"Toa."

"Koti lako la mvua?"

"Toa. Na viatu, na kofia, na lile blanketi langu."

Katoni zikajaa. Mkewe alizifunga moja moja kwa utepe wa gundi, bila haraka.

"Na vyangu? Sufuria, mashuka, vitabu?"

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nani akaibe sufuria zako? Viache."

Mama akaviacha.

Gerejini, mzee alimhoji dada wa mapokezi kama askari: nani anashika ufunguo, nani anaruhusiwa kuingia, mlinzi husinzia saa ngapi. Dada alijibu yote kwa subira, kisha akamgeukia mama, kwa kuwa kadi ya gari ilikuwa na jina lake.

"Likiwa tayari tumpigie nani?"

"Nipigie mimi," mama alisema. "Na mwambie fundi aangalie breki na matairi vizuri, kama gari la safari ndefu."

"Safari ya kwenda wapi?" mzee alidakia, akacheka peke yake.

Siku zilizofuata mzee hakukalika. Kila mchana alijibanza kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, gazeti limemfunika uso, macho kwenye ua wa gereji. Fundi aliingia garini mikono mitupu, akatoka mikono mitupu. Mzee akapumua. Kesho yake akaona pazia la dirisha la nyuma, aliloliacha wazi, limefungwa. Akavuka barabara bila kutazama, lori likampigia honi, akamfikia mlinzi akihema.

"Nani ametoa kitu kwenye gari langu?"

"Kutoa?" Mlinzi alijikuna kichwa. "Hakuna aliyetoa kitu, mzee. Ila tu..."

"Niapie!"

"Haki ya Mungu, hakuna kilichotoka."

Hilo lilimtosha. Akaondoka kabla mlinzi hajamaliza alichotaka kusema.

Jioni, kwa kuwa hofu ikishaingia haina mipaka, alipekua nyumba nzima. Katoni zake zilikuwepo zote, hazijaguswa. Kabati la nguo la chumbani, ambalo miaka yote halikufunga mpaka ulisukume kwa goti, sasa lilifunga kwa kidole. Akajipongeza. Zile bawaba alizozitia mafuta zimekubali.

"Tahadhari kabla ya hatari," alimwambia mkewe mezani.

"Kweli kabisa," mkewe alisema. Akamwongezea chai, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mzee akadhani anasifiwa kimoyomoyo, na akanywa chai yake kwa raha.

Asubuhi alikuta chai kwenye chupa na mama ameshatoka. Sokoni, bila shaka. Akavaa, akashika njia ya gereji.

Mahali pa gari palikuwa na doa la oili tu.

Miguu ikapata mbio ambazo hakuwa nazo tangu ujana. Makufuli yote yale, na bado wamemweza! Akaingia mapokezi akipiga kelele za mwizi. Dada aliinuka, akafungua mdomo. Mzee akamnyamazisha kwa mkono, simu ikiwa sikioni tayari. Hakujua amwambieje mkewe. Kiwanja cha mwenzake, ndoto ya mwenzake, vyote vimepotelea mikononi mwake yeye aliyejifanya mlinzi. Machozi yalikuwa karibu.

"Mama! Wameliiba gari!"

"Vitu vyako vyote vipo nyumbani?"

"Vipo, lakini..."

"Vyote? Umekagua?"

"Nimekagua jana! Hakuna kilichopungua hata kimoja. Lakini gari, mama, gari!"

"Basi hakuna aliyekuibia, mzee wangu," mkewe alisema kwa upole. "Hebu subiri kidogo, naingia barabara kuu."