Hotuba ya Mheshimiwa

"Leo Mheshimiwa akinyamaza tena, sitamsamehe," Nyokabi alimwambia wifi yake, Warigia. Jeneza la mumewe, Mungai, lilikuwa mbele yao, chini ya hema.

Mungai alikuwa mshauri wa Mheshimiwa Kipyego kwa miaka ishirini na minane. Hotuba zote aliandika yeye. Karo za watoto wa Moiben, Soy mpaka Kesses alilipa yeye, kwa pesa za maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, na kila mahali watu wakaimba jina la Mheshimiwa. Hata asante moja, jamani! Nyokabi akilalamika, Mungai alicheka tu. "Mama Wahu, siku moja atasema."

Aseme nini? Mtu mwenyewe hata salamu alisoma kwenye karatasi. Kule Soy aliwahi kusoma mpaka maagizo ya pembeni: "Kunywa maji hapa, ngoja makofi." Watu walivunjika mbavu. Tangu siku hiyo Mungai aliandika maagizo kwa wino mwekundu, ili yasisomwe tena.

Sasa Mheshimiwa alisimama, karatasi mkononi.

"Watu wangu, nimewadanganya. Zile karo hazikuwa zangu. Zilikuwa za Mungai. Nyinyi mlionishukuru, wa kushukuriwa ndiye huyu amelala hapa."

Daktari mmoja kijana akaanza kulia, halafu mwalimu, halafu safu nzima. Mheshimiwa akajaribu kuendelea, akashindwa. Akashuka jukwaani, akaja moja kwa moja kwa Nyokabi, akamshika mkono, akakaa naye hivyo kwa muda mrefu.

Hapo Nyokabi akalia kilio alichokuwa amekibana tangu hospitali. Hasira ya miaka yote ikamtoka.

"Umeona?" alimwambia Warigia. "Hayo yametoka moyoni. Laiti Mungai angesikia!"

Baada ya mazishi alimwomba Mheshimiwa ile karatasi, aiweke ndani ya Biblia yake. Mheshimiwa alisitasita, akaangalia chini, kisha akampa.

Hotuba yenyewe ilikuwa imepigwa chapa vizuri. Pembeni, kwa wino mwekundu, palikuwa na mwandiko wa Mungai, ule wa kutetemeka wa siku zake za mwisho kitandani: "Hapa shindwa kuendelea. Shuka, umshike Nyokabi mkono. Usimwachilie haraka."