Barua ya Ngedere kwa Mkuu wa Mto

Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu haya mawili, na atakayebisha alete shahidi wake. Mto ulikuwa unapanda kuelekea mayai kumi na mawili ya Kanga kule kisiwani. Wa kuyavusha ni Kiboko tu, mkuu wa mto, naye maombi ya mdomo hasikilizi, anataka barua. Karani wa kisiwa alikuwa Ngedere, fundi wa maneno makubwa.

"Niachie mimi, mama," akasema. "Atasoma mpaka alie."

Akaandika kurasa nne za heshima, taadhima na salamu kwa ukoo mzima wa Kiboko. Ombi lenyewe akaliweka mwisho kabisa, maana kuanza na shida aliona ni kukosa adabu. Alasiri jibu likarudi: "Salamu zimefika. Nasi huku hatujambo. Kurasa zilizobaki nitazisoma nikipata nafasi."

Kanga akalisoma mara mbili. "Mwanangu, habari ya maji umeiandika wapi?"

"Ukurasa wa nne," akajibu Ngedere, macho chini.

"Basi andika ninavyosema. Maji yamegusa kiota changu. Mayai yatazama leo. Njoo uyavushe sasa."

Ngedere akaandika huku masikio yakimwaka moto. Hata wino haujakauka, Kiboko huyo, na mayai yote kumi na mawili yakavuka salama.

Nimesimulia kama nilivyoona, ila hiyo hesabu ya mwisho nimeitunga mwenyewe. Yalivuka tisa. Matatu yalisombwa tukisubiri jibu la barua ya kwanza, na mpaka leo Ngedere akimwona Kanga hupita njia nyingine.