Zamu ya Muuza Mkaa

Diwani alikuwa akigawa majiko ya sola ya halmashauri mbele ya wageni waliotoa pesa. Ilipofika zamu ya mama yake mzazi, muuza mkaa wa sokoni, alimnyooshea mwanawe mkono mweusi tii.

Mkono wa diwani ukaishia mfukoni.

"Unamfahamu?" mgeni mmoja akauliza.

"Ni wale wauza mkaa. Tunawapa elimu, wataelewa tu."

Mama akaufuta mkono kwenye gauni, polepole, kiganja kisha vidole. Macho yake yalikuwa kwenye kola ya shati jeupe la diwani, ambayo mama mwenyewe aliinyoosha asubuhi ile kwa pasi ya mkaa.

Uso ukamshuka diwani. "Mama," akaanza.

Mama akalipokea jiko kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama wenzake.

"Asante, mheshimiwa."