Kamera ya Salme

Tangu akatwe mguu, Kitwana alikuwa hajacheka, mpaka alipoletewa mashine ya michezo ya video akaanza kucheza mpira kwenye televisheni. Mkewe, Salme, akaenda dukani kutafuta chombo cha kurekodi mechi hizo, amtumie binti yao aliye ughaibuni.

Muuzaji akamwonyesha kisanduku cha kuunganisha na mashine. "Picha itatoka safi kabisa, mama."

"Na kicheko cha mume wangu?"

"Hicho hakitasikika. Kinachukua mchezo tu."

Salme akanunua kamera ndogo na stendi yake.

Nyumbani alifunga pazia ili mwanga usiakisi kwenye skrini, akaisogezasogeza stendi mpaka mchezo na uso wa mumewe vikaingia pamoja.

"Mbona umeiweka upande?" Kitwana akalalamika. "Magoli yangu hayataonekana vizuri."

"Yataonekana. Wewe cheza."

Mechi ikielekea kwisha, Kitwana akafunga. Alipiga ukelele, akainua mikono juu, na kipande cha mguu kilichobaki kikarusha teke hewani kwa nguvu zake zote.

Salme akajiziba mdomo. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka.