Zoezi la Tatu

"Usishauri. Sikiliza," mkufunzi alimwambia tena, akafunga mlango, akamwacha na viti viwili na joto.

Mama Mapacha alibaki akiuma meno. Zoezi hilohilo ameshaanguka mara mbili. Akianguka na leo, jina linakatwa, arudi nyumbani akasikie dada yake akisema, "Si nilikwambia?" Miezi minne aliyolala wodi ya wagonjwa wa akili ndiyo iliyompa nafasi kwenye kozi hii ya kuwashika mkono wanaougua kama alivyougua yeye. Na bado anashindwa kufunga mdomo mbele ya mwanafunzi wa darasa jingine anayejifanya mgonjwa.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia bwana mmoja wa makamo, mkoba begani, akatupa jicho darini.

"Nimeambiwa niingie tu."

"Umechelewa. Kaa, tuanze."

"Nikae?"

"Kaa. Niambie, siku zako zinakwendaje?"

Bwana akakalia nusu ya kiti, mkoba kati ya miguu. "Siku zangu? Nzuri tu."

Damu ikamchemka Mama Mapacha. Karatasi ya zoezi ilisema mgonjwa hajalala wiki nzima. Huyu hata kuisoma hakuisoma. Alitaka kumpa vipande vyake, lakini alikuwa amechoka kugombana na watu. Akaweka kalamu chini, akanyamaza.

Jasho likamtiririka mgongoni.

"Mke wangu amefariki mwezi wa pili," bwana akasema hatimaye. "Nikirudi nyumbani napiga hodi. Najua hakuna mtu. Napiga tu."

Mke hakuwemo kwenye karatasi. Mtu anajitungia yake, na atakayeanguka ni mimi, Mama Mapacha aliwaza. Ushauri ulishamfika kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza.

"Ukishapiga hodi?"

"Nasubiri." Mabega yakaanza kumtikisika. "Juzi nimesubiri mpaka jirani akatoka kuniangalia. Sijamwambia mtu haya."

Mama Mapacha akampa leso yake.

Mlango ukagongwa. Mkufunzi akachungulia, na nyuma yake dada mmoja anahema, karatasi ya zoezi mkononi.

"Tuwie radhi, mwenzako ndiyo kwanza anafika." Kisha akamgeukia yule bwana. "Vipi fundi, feni imepona?"

"Bado sijaigusa," alijibu, leso ingali machoni.