Pazia la Safari

Walipokuwa wakipanga safari ya familia kwenda kuona maporomoko ya maji mlimani, Semkiwa alimwacha mama mkwe nje ya mpango kwa kisingizio cha mila. Ukweli ni kwamba mama yule angewachelewesha.

"Mtu hapandi gari moja na mkwewe," alimwambia mkewe. "Ni kukosa adabu."

Mila hiyo Semkiwa hakuwahi kuijali.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka kidogo. Mkono wa mama mkwe ukatokeza, umeshika kanga iliyokunjwa.

"Hilo nimelifikiria, baba," akasema kutoka ndani. "Nimeshona pazia. Litundike nyuma ya kiti chako, hutaniona."

Semkiwa akalikunjua, asijue aweke wapi macho. Katikati palikuwa na tundu dogo, limeshonwa pindo vizuri, la kuchungulia mlima.