Mwanaanga wa Kijani

Kibwana aliliweka boksi mapajani, akatafuta kwa kucha mahali mfuniko ulipogandishwa. Ndani alikuwamo mwanaanga wa kijani, mdoli wa plastiki mwenye urefu wa kiganja, ambaye hajaguswa na mkono wowote kwa miaka thelathini na moja. Wakusanyaji wa midoli ya namna hii hawafungui boksi. Likishafunguliwa, thamani yake imekwisha.

"We Kibwana, una wazimu?" Shomari aliinuka kitini. Naye ni mkusanyaji, na boksi lile alikuwa akilimezea mate tangu ujana. "Nikupe maroboti yangu yote manne, uniachie hivyo hivyo lilivyo."

"Maroboti yako yana kutu, bwana. Kaa."

"Utajuta!"

"Daktari kasema mwaka huu hauishi, macho haya yatakuwa giza tupu. Nikiliacha limefungwa, nitabaki nimeshika karatasi. Nataka vidole vimjue."

Shomari akakaa. Karatasi ilichanika taratibu, harufu ya plastiki ya zamani ikatoka. Kibwana alimtoa mwanaanga, akampapasa magoti, mkanda, bunduki ndogo ya kiunoni. Alipofika kwenye kofia, kidole kilisukuma kioo cha mbele, kioo kikapanda. Wote wawili hawakuwahi kujua kwamba kinafunguka.

"Kuna uso humu," alisema Kibwana. Akamsogeza karibu na macho, akamrudisha mbali, kisha akamnyooshea mwenzake. "Mdogo mno kwangu. Hebu niambie, kacheka au kanuna?"

Shomari alimpokea kwa mikono miwili, akaenda naye dirishani.